Ngozi ya rangi, ngozi ya mamba: mwongozo kwa mwanamume aliyechoka na nyeusi

Fungua kabati la mwanamume wa mjini utakuta mikanda miwili: mweusi wa kazini na wa kahawia wa wikiendi. Waleti nyeusi. Mkanda wa saa mweusi. Hakuna dhambi hapo. Tatizo huanza siku anapoamua kuchangamka. Wengi hurukia kitu kikubwa, kiatu cha buluu au begi jekundu, wakakivaa mara mbili kisha kikalala chini ya kitanda. Wengine hutamani mamba, wakaishia kulipia bei ya mamba kwa ngozi ya ng'ombe iliyogongwa muhuri wa magamba.

Mwongozo huu ni wa vitu vidogo: mkanda, waleti, kishika kadi, mkanda wa saa, kishika funguo, na pochi ya mkononi kwa anayebeba. Kanuni yangu ni moja na utaikuta kila hatua: kimoja kiseme. Rangi ikisema, ngozi inyamaze, na ngozi ikisema, rangi itulie. Mkanda wa mamba uwe mweusi, wa kahawia au wa rangi ya ugoro. Mkanda wa rangi kali uwe wa ng'ombe au mbuzi laini, usio na makeke. Mamba wa kijani kibichi au chatu wa waridi anahitaji sababu nzito, na nje ya jukwaa la muziki wa dansi sijaiona bado.

1. Anza na nguo ulizonazo

Usiende dukani kabla hujajua kitu chako kitaishi na nini. Toa nguo unazovaa kweli, si zile unazosema utavaa ukipungua. Utaona kuna rangi mbili au tatu zinazojirudia: labda kaki, buluu iliyoiva na nyeupe, labda kijivu na nyeusi, labda vitenge vyenye kila kitu.

Wanaume wa Sape wa Kinshasa na Brazzaville, ambao suti kwao ni ibada, wana sheria ya kutozidisha rangi tatu katika vazi moja. Watu wanaovaa kwa kujionyesha wanajizuia hivyo, sembuse mimi na wewe tunaokwenda benki. Hesabu kiatu na mkanda humo humo ndani ya zile tatu.

Sasa rangi zenyewe. Kwa mkanda wa kwanza usio mweusi wala kahawia, nunua damu ya mzee. Inakaa na kijivu, kaki, buluu iliyoiva, jinzi na nyeupe. Haigombani na kiatu cha kahawia iliyoiva, na hata kiatu cheusi huvumiliana nayo mkanda ukiwa umekolea vya kutosha. Ya pili ni kijani cha chupa, ambayo watu huiogopa bure: mbele ya kaki au nyeupe inaonekana ya kiungwana, na ukiwa mbali inaonekana nyeusi tu. Buluu iliyoiva ni nzuri kwa jinzi nyeupe, suruali ya kijivu na viatu vya ugoro, ila usiiweke kwenye suruali ya buluu inayokaribiana nayo bila kufanana. Hapo utaonekana uliyetafuta ya kufanana ukaikosa.

Rangi ya haradali, chungwa, njano na nyekundu ya pilipili ziweke mfukoni. Waleti ya chungwa inatoka sekunde tano unapolipa, inapendeza, inarudi. Mkanda wa chungwa unakaa katikati ya mwili wako siku nzima ukimwambia kila mtu atazame tumbo. Kama unapenda sana rangi kali, tafuta waleti nyeusi kwa nje yenye rangi hiyo ndani. Mafundi wengi watakutengenezea ukiwaomba.

Rangi za maziwa na kijivu chepesi ni nzuri kwa macho na mateso kwa matunzo. Jinzi mpya huachia buluu, na buluu hiyo huingia kwenye ngozi nyeupe isitoke tena.

Kufananisha mkanda na kiatu si lazima kuwe kwa kipimo. Inatosha wawe ukoo mmoja: kahawia na ugoro, damu ya mzee na kahawia nyekundu. Kinachotakiwa kufanana zaidi ni ule mng'ao. Kiatu kinachong'aa kama kioo na mkanda uliokwajuka havikai pamoja hata rangi ikiwa ile ile.

Anayevaa kanzu ana hesabu nyingine. Mkanda hauonekani, kwa hiyo rangi yote inakaa kwenye makubadhi, mkanda wa saa na kile anachoshika mkononi. Hapo mkanda wa saa wa damu ya mzee au wa kijani hupata nafasi ambayo kwenye suti haipati. Lakini kanzu ni nyeupe, na hilo linatuleta kwenye hatua inayofuata.

2. Jua rangi imeingia vipi

Ngozi hutiwa rangi kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni rangi inayozama: ngozi huchovywa, rangi inapenya nyuzi, na juu unaendelea kuona vinyweleo, mishipa na kovu la mwiba alilopata ng'ombe porini. Ya pili ni rangi ya kupakwa juu, nzito kama ya ukuta, inayofunika kila kitu. Ya kwanza inazeeka vizuri lakini inanywa maji na kufifia juani. Ya pili inavumilia mvua na jasho, ila ikianza kupasuka inabanduka vipande. Nyingi sokoni zimechanganya zote mbili, na kwa mkanda wa kila siku mchanganyiko huo ndio ninaoupendelea.

Usindikaji nao una neno. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, kama yale ya miti ya miwati inayolimwa Njombe, tayari ina ukahawia wake wa asili. Ukiitia damu ya mzee, ugoro au kijani iliyoiva inakolea na kuzidi kupendeza kadiri unavyoitumia. Iliyosindikwa kwa kemikali ya kromiamu hutoka ikiwa na ubuluu hafifu, hivyo inapokea rangi ang'avu bila kuichafua. Ukiona buluu ya anga, waridi au njano safi, jua karibu kila mara ni ya kromiamu. Fundi akikuapia kwamba njano ile ya ndimu ni ya magome matupu, mwulize kwa upole amepaka nini juu.

Majaribio unayoweza kufanya dukani bila kumuudhi mtu:

Chukua kitambaa cheupe au tishu, ilowanishe kidogo, sugua upande wa nyuma wa mkanda na ukingoni mara kumi. Alama hafifu sana inasameheka. Ukiona tishu imegeuka nyekundu, basi ndivyo itakavyogeuka suruali yako ya kaki, au kanzu yako ya Ijumaa, siku ya kwanza utakayotoka jasho. Damu ya mzee, nyekundu na buluu ndizo zinazoongoza kwa kuachia.

Kunja mkanda uso ukiwa nje. Rangi ikififia kidogo pale kwenye kunjo na kurudi ukinyoosha, ni sawa. Vikibaki vistari vyeupe kama chaki, rangi ya juu ni nene na kavu, na mwaka hautaisha kabla haijapasuka kwenye tundu unalolitumia.

Tazama ukingo uliokatwa kama haujapakwa. Ukiona rangi imepenya hadi katikati, ni vizuri. Ukiona katikati kijivu au buluu hafifu na rangi iko juu tu kama siagi kwenye mkate, si lazima uikatae, lakini kila mkwaruzo utaonekana. Na ukiona tabaka la kitambaa chini ya utandu wa plastiki, rudisha.

Kuna mchezo wa kiberiti. Muuzaji anawasha, anapitisha moto chini ya mkanda, anacheka: "Kaka umeona? Ngozi og!" Hakuthibitisha kitu. Moto wa sekunde mbili hauiunguzi hata plastiki nzuri, na ngozi iliyosagwa ikagandishwa kwa gundi nayo itastahimili, maana ndani kuna unga wa ngozi kweli. Harufu nayo inauzwa kwenye chupa. Amini ukingo na upande wa nyuma: penye ngozi kamili utaona nyuzi nyuzi za manyoya mafupi, zimesukana, hazina mpangilio.

3. Chagua mnyama

Watu wakisema ngozi za kifahari hufikiria mamba tu. Wapo wengine, na kwa mwanamume anayeanza, mamba ndiye ningemweka mwisho.

*Sangara.* Ndiyo, yule yule wa Ziwa Victoria, ambaye Kenya wanamwita mbuta. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na viwanda vya minofu vya Mwanza na Kisumu vikawa vinabaki na ngozi zake. Ikisindikwa haina harufu ya samaki. Inabaki na alama za vifuko vya magamba, mfano wa wavu uliotandazwa, na hakuna sentimita mbili zinazofanana. Ni imara kuliko unene wake unavyoonyesha kwa sababu nyuzi zake zimepishana kama msuko. Inapokea rangi vizuri, si mnyama anayelindwa, na bei yake haimfukuzi mtu. Kishika kadi cha sangara cha kijani au cha ugoro ndicho ningempa kijana anayeanza.

*Mbuni.* Vile vipele unavyoona ni mahali manyoya yalipong'olewa, na vipo sehemu ya mgongo tu, si ngozi nzima. Ndiyo maana waleti yenye vipele vilivyojaa pande zote ni ghali kuliko yenye vipele upande mmoja. Mji wa Oudtshoorn nchini Afrika Kusini ulitajirika kwa manyoya ya ndege huyu hadi soko lilipoanguka mwaka 1914, na leo eneo hilo linajulikana kwa ngozi yake. Mbuni ni laini, ana mafuta yake ya asili, hapasuki kirahisi. Kwa waleti inayokaliwa mfuko wa nyuma hakuna bora. Kasoro: rangi nyepesi hunywa mafuta ya mkono na kuwa nyeusi pale unaposhika. Chukua kahawia au ugoro, isiwe maziwa. Kuna pia ngozi ya mguu wa mbuni, yenye magamba makubwa yaliyopangana, ambayo watu huidhania mjusi. Inafaa mkanda wa saa.

*Taa.* Samaki bapa mwenye vishanga vigumu mgongoni, vya madini kama ya jino. Ikisuguliwa na kung'arishwa inakuwa kama kokoto za ufukweni zilizotandazwa, na mara nyingi huachwa alama ya shanga nyeupe katikati. Maji hayaipati, kucha haiikwaruzi, funguo hazifanyi lolote. Fundi anaichukia kwa sababu inavunja sindano. Waleti ya taa nyeusi ni kitu cha kumrithisha mtoto, ila kwa mkanda ni ngumu mno.

*Chatu na kenge.* Hapa nina neno la tahadhari kabla ya sheria hata hatujaifikia. Ngozi ya chatu ni nyembamba na hubandikwa juu ya ngozi nyingine. Magamba yake hukauka na kuinuka ncha, hasa pale inapokunjwa. Kwa mkanda unaovutwa kila siku ni kazi bure. Kwa kishika kadi kisichokunjwa inawezekana. Mchoro wake tayari unapiga kelele, hivyo ukiununua uache na rangi yake ya asili. Kenge ana magamba madogo ya mraba yaliyojipanga vizuri, anapendeza kwenye mkanda wa saa, lakini hukauka na kukatika mapema kuliko mamba.

*Mamba.* Ngozi inayotakiwa ni ya tumbo, yenye magamba ya mraba katikati yanayoelekea kuwa ya duara pembeni. Huuzwa kwa sentimita za upana wa tumbo, wala si kwa futi za mraba kama ya ng'ombe. Ya mgongo, yenye miiba na mifupa, ni ya mtu anayetaka kuonekana kutoka mtaa wa pili. Mamba wetu wa Mto Nile hufugwa kwa wingi, na mashamba ya kandokando ya Ziwa Kariba nchini Zimbabwe yanajulikana dunia nzima. Aligeta wa Marekani ni jamaa yake, na kuna kaimani wa Amerika ya Kusini ambaye ndiye "mamba wa bei poa". Kaimani ana mifupa ndani ya magamba hadi tumboni, kwa hiyo gamba lake lina vishimo na mikunjo, rangi inashika kwa mabaka, na ukilikunja linapasuka. Anayekuuzia kaimani kwa jina la mamba hakudanganyi kabisa. Bei ndiyo inayodanganya.

Mamba huja kwa umaliziaji wa aina mbili. Ule unaong'aa kama kioo hupatikana kwa kusugua ngozi na jiwe, na tone moja la mvua linaacha doa. Ule wa kufifia unasamehe zaidi. Kwa Dar, Mombasa au Muscat, penye jasho na unyevu, chukua wa kufifia.

4. Mpime mamba kwa macho na ukucha

Mamba wa kuchapa ni ng'ombe aliyewekwa chini ya bamba la chuma lenye moto na uzito. Si kosa kuinunua, mimi nina mikanda kama hiyo na inanitosha, mradi ulipe bei ya ng'ombe.

Keti nayo penye mwanga wa jua. Kwanza tafuta marudio. Chagua gamba moja lenye umbo la kipekee, sema lenye kona iliyopinda, kisha lisake sehemu nyingine ya mkanda. Bamba lina urefu wake, na likiisha fundi anaanza upya, hivyo kwenye mkanda wa sentimita mia moja na kitu utalikuta gamba lile lile tena. Mamba wa kweli harudii.

Pili, angalia kila gamba la tumbo karibu na ukingo wake wa nyuma. Mamba wa Mto Nile ana kitone kidogo hapo, kimoja kwa gamba, kama alama ya sindano. Ni kiungo chake cha kuhisi mtikisiko wa maji. Aligeta hana kitone hicho kwenye tumbo, lakini ana alama ya kitovu, mistari iliyosambaa mfano wa utando wa buibui, ambayo mafundi huiweka makusudi mahali pa kuonekana. Kwenye ngozi ya kuchapa vitone havipo, au vipo kila mahali bila adabu.

Tatu, sukuma ukucha kwenye mfereji kati ya gamba na gamba. Wa kweli una ngozi laini inayokunjika kama bawaba. Gamba lenyewe linabaki gumu. Wa kuchapa una ugumu ule ule juu na chini, na ukivuta ngozi pande mbili mfereji unaanza kufutika.

Kwa mbuni, finya kipele. Cha kweli kina tundu katikati, kimesimama, vinapishana ukubwa na vinaelekea upande mmoja. Cha kuchapa kinabonyea na kimejipanga kama askari. Kwa chatu, pitisha kidole kuelekea mkiani, kisha urudi: kwenda ni laini, kurudi kunakwama.

Swali la kiungo: mkanda mrefu wa mamba mara nyingi huungwa vipande viwili au zaidi. Hilo si udanganyifu. Mkanda wa kipande kimoja unahitaji mnyama mkubwa asiye na makovu, na bei yake inaruka. Mwulize muuzaji kiungo kiko wapi. Kiwe upande wa mgongoni au chini ya bizimu, kimekatwa kufuata mstari wa magamba.

Na kwa Waislamu, geuza kitu ndani nje. Bitana za waleti na mikanda ya kutoka nje mara nyingi ni ngozi ya nguruwe, na haiandikwi usoni. Utaijua kwa vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu, kama pembetatu. Kuhusu mamba na chatu wanazuoni wana kauli tofauti. Mwulize sheikh wako kabla ya kulipa.

5. Omba karatasi

Hapa usiharakishe. Tanzania, ngozi ya mnyamapori ni nyara, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kukutwa na nyara bila kibali ni kosa, hata kama ulizawadiwa na mjomba. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya vitu vitokanavyo na wanyamapori. Leo inaongozwa na sheria ya mwaka 2013, na ufugaji wa mamba au mbuni huendeshwa kwa leseni. Kwa hiyo ngozi ya chatu inayouzwa kwa kunong'ona kando ya barabara iache pale pale. Ukitaka uhakika, ofisi za mamlaka za wanyamapori, yaani TAWA ya Tanzania, KWS ya Kenya au UWA ya Uganda, ndizo za kuuliza.

Kuvuka mpaka ni habari nyingine. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kazi 1975. Mamba wote wamo ndani yake, lakini hawako daraja moja. Mamba wa Mto Nile wa Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Zimbabwe na nchi nyingine chache wako Kiambatisho cha Pili, ambapo biashara inaruhusiwa kwa vibali. Wa Kongo, Rwanda na Burundi wako Kiambatisho cha Kwanza, kilichokaza kabisa. Hii maana yake ni kwamba waleti mbili zinazofanana kama mapacha, moja imenunuliwa shambani Zimbabwe na nyingine Kinshasa, zinaweza kupata hatima tofauti kabisa kwenye meza ya forodha ya Brussels.

Ngozi ya mamba inayosafirishwa kihalali hufungwa kibandiko chenye herufi za nchi, namba, alama ya aina ya mamba (NIL kwa wa Mto Nile) na mwaka. Kibandiko hicho hukatwa ngozi inaposhonwa, kwa hiyo usitarajie kukiona kwenye mkanda. Unachoomba ni risiti yenye jina la duka na aina ya mnyama, pamoja na nakala ya kibali kama unasafiri nacho. CITES inaruhusu abiria kubeba vitu vya mamba wa Kiambatisho cha Pili visivyozidi vinne kwa matumizi yake, lakini si kila nchi inautambua msamaha huo. Uliza ubalozi wa unakokwenda kabla ya kufunga begi. Na kutuma kwa posta si kubeba: hapo msamaha haupo.

Sangara hayumo katika mambo haya, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpenda.

6. Vipimo na ushonaji

Mkanda hupimwa kutoka bizimu linapoanzia hadi tundu la katikati. Pima ule unaouvaa sasa, usipime kiuno kwa kukisia. Ukinunua kwa namba, ongeza inchi mbili juu ya saizi ya suruali. Upana wa sentimita 3 hadi 3.5 unafaa suti. 4 ni wa jinzi. Rangi kali ikae kwenye mkanda mwembamba.

Mkanda wa saa pima nafasi kati ya masikio ya saa: 18, 20 au 22 milimita ndiyo ya kawaida. Pwani, tafuta wenye bitana ya mpira au ngozi isiyo na rangi, ili damu ya mzee ibaki juu na si kwenye mkono.

Waleti nenda na noti zako. Dola ina urefu wa milimita 156, na waleti nyingi za Ulaya hazikuundwa kwa mtu anayebeba dola, shilingi na risiti za wakala kwa wakati mmoja. Kadi ijaze nafasi yake ikiwa imebana; ikichezacheza leo, mwezi ujao inadondoka.

Kuhusu mshono sina mengi: nyuzi zilale sawa, zisiruke, zisipite juu ya kilele cha gamba la mamba bali kando yake. Ukingo uwe umesuguliwa na kupakwa, usiwe na gundi iliyovuja.

7. Wapi pa kununua

Kwa ng'ombe wa rangi, sioni sababu ya kuanzia dukani. Mitumba ya Gikomba jijini Nairobi na Karume jijini Dar ina mikanda iliyokwisha kuthibitishwa na miaka: kama rangi imekaa miaka kumi kiunoni kwa mtu mwingine, itakaa kwako. Fanya jaribio la tishu hata hapo. Cha kutengenezewa, mafundi wa Kariokor jijini Nairobi wanashona unachochora, na wauzaji wa ngozi watakukatia kipande cha rangi uitakayo. Mletee fundi kiatu chako akione, usimwelezee rangi kwa simu. Picha ya simu inadanganya damu ya mzee kuwa nyekundu na kijani cha chupa kuwa cheusi.

Mamba na mbuni nunua kwenye shamba lenye leseni au duka linalotoa risiti kamili. Mamba wa mtumba ni mtihani wa karatasi, hata akiwa wa kweli. Mwache kama hutaki maelezo marefu uwanja wa ndege.

8. Kuitunza nyumbani

Adui wa kwanza wa ngozi ya rangi ni brashi ya mpiga kiwi. Ina mabaki ya nyeusi ya viatu arobaini vya asubuhi hiyo, na ikipita kwenye mkanda wako wa kijani umekwisha. Nunua brashi yako na dawa isiyo na rangi. Mafuta ya nazi, ya kupikia na ya mgando usipake: yanaacha mabaka meusi, na kwa mbuni hayatoki.

Jua linakula nyekundu, buluu na zambarau. Usiache waleti kwenye dashibodi. Ikilowa, ifute, iache kivulini ikauke yenyewe, mbali na jiko na pasi. Chatu ifute kuelekea mkiani tu.

Pwani ukungu ni jambo la kila masika. Hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, kamwe si nailoni, na utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mkanda uuning'inize kwa bizimu badala ya kuukunja. Ukungu ukitokea, ufute nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa chenye siki kidogo iliyochanganywa na maji, baada ya kujaribu kwanza upande wa ndani kama rangi haitoki.

Na ukinenepa au kukonda, usimruhusu fundi atoboe tundu jipya juu ya gamba la mamba kwa msumari. Bizimu la mkanda mzuri hufunguka kwa skrubu au vishikizo: alifungue, akate sentimita mbili au tatu upande huo huo unaofichwa, kisha alirudishe. Ukinenepa, hapo hakuna la kukata. Tundu litobolewe kwenye mfereji kati ya magamba, kwa kitobozi cha duara chenye makali, baada ya kupima mara mbili.